Upande wa Mchanga

Kama uliwahi kukaa karibu na Mwalimu kwenye hema la mazishi, unajua kwamba hakuwa mtu wa kukaa popote. Alikuwa anasimama kwanza katikati ya viti, mkoba kwapani, anatazama jua liko wapi, anatazama saa yake, anatazama mahali wasemaji watasimama, ndipo anachagua. Mara nyingi kiti chenyewe kilikuwa kwenye jua la asubuhi, na sisi wengine tulimhurumia kwa moyo wote. Ikifika saa sita, wanasiasa wakiwa bado wanasalimiana kwa kipaza sauti, kivuli kilikuwa kimekuja kumtafuta Mwalimu pale alipo, na sisi wenye huruma tulikuwa tumejifunika ratiba ya mazishi kichwani.

Jina analo, ila Ruiru hatukulitumia. Vijana wa plotini walijaribu kumwita Shosho. Akawauliza ni mtoto wake yupi aliyewazaa, ikabaki Mwalimu. Alifundisha jiografia Thika mpaka serikali ikamwambia inatosha, kisha akaendelea kufundisha bila mshahara. Wanafunzi wake wapya tulikuwa mimi, muuza mboga, mlinzi na yeyote aliyepita karibu na geti lake, na sisi hatukuwa na kengele ya kutuokoa.

Mimi nauza mabegi ya mitumba Thika, nyuma kidogo ya stendi, na kwa miaka mingi niliishi nyumba iliyoshikana na yake. Kwa hiyo namjua kama jirani na namjua kama mteja. Kama jirani alikuwa msumbufu. Kama mteja, Mungu ndiye shahidi wangu.

Wateja wengine hushusha bei. Mwalimu hakuwahi. Yeye alikuwa anauliza maswali. Zipu hii ikianza kuharibika, itaanzia wapi? Namjibu itaanzia pale kwenye kona. Kwa nini kwenye kona? Mimi naivuta zipu mbele na nyuma. Ananitazama kama mtu anayelisubiri darasa lijirekebishe lenyewe, na wateja wengine nao wanaanza kuzitazama zile kona. Nilikuwa napunguza bei ili aondoke. Nimewauzia makanga wa matatu, mapolisi, hata bibi harusi mmoja aliyekuwa na haraka ya kutoroka, na hakuna aliyenishusha kama mwanamke huyu ambaye bei hakuitaja hata siku moja.

Kwenye basi la Nairobi alikaa upande wa kulia. Jua likichomoza, mnaelekea mjini, linawapiga walio kushoto. Hilo nilikubali. Lakini jioni tukirudi alikaa kulia tena, nikamwambia Mwalimu, sasa umekosea, tumegeuka, na kila kitu kimegeuka. Akaniambia gari limegeuka, sawa, na jua je, limebaki pale pale tangu asubuhi? Nililala nikiifikiria hesabu ile. Nikairudia kesho yake na sufuria na kibiriti mezani, sufuria ikiwa basi, kibiriti kikiwa jua. Ni kulia, kwenda na kurudi. Tangu siku hiyo nimekaa kulia, na kila nikiona abiria wa kushoto wakivuta pazia najisikia nimeiba kitu.

Usidhani kwa hayo kwamba alikuwa haendi kombo. Mtu huyu, aliyejua mto gani unamwaga maji yake bahari gani, alikuwa anapotea Thika mjini mara kwa mara. Alikuwa anaingia duka la dawa akitafuta benki, na akitoka anasema ni wao wamehamisha barabara. Alitusahihisha tulipochanganya r na l, hadharani, hata mchungaji hakupona. Lakini akikasirika yeye mwenyewe alikuwa anaambia watu watoke kwenye "balabala" yake. Majani ya chai aliyachemsha mpaka yakakata tamaa. Viatu alinunua vya bei ambayo mimi siitaji mbele ya mume wangu.

Na alikuwa na neno lake moja, alilitumia kwa kila kitu. Ukimletea habari ya mtu, ya shamba, ya mganga mpya aliyefungua huko Kiuu, alikuwa anakuuliza, "Umeona, ama umeambiwa?" Umbea mwingi Ruiru ulikufa getini kwake kwa swali hilo.

Sasa, meli.

Sijui wazo lilianza lini. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja alikuja kibandani kwangu Thika, hakugusa begi hata moja, akaniambia nifunge nimsindikize kwa wakala wa safari, kwa sababu anataka kununua kitu na anahitaji mtu mwenye mdomo. Njiani akanieleza. Kuna meli ya watalii inatoka Mombasa, inapanda Bahari ya Shamu, inapita Mfereji wa Suez, inaingia upande wa Ulaya. Mfereji ule ameufundisha maisha yake yote ya kazi. Ameuchora ubaoni mpaka mkono unauchora wenyewe. Hajauona. Ana shamba Theta, alilolinunua kwa mshahara wake, na nusu yake ameshapata mnunuzi.

Nilisimama katikati ya watu. Nikamuuliza kama ameuza shamba aende kutazama mfereji. Akasema nusu ya shamba, na kwamba nikisimama hapo nitagongwa na mkokoteni.

Yule wakala alikuwa na ofisi ghorofa ya juu, biashara yake kubwa ni kupeleka watu wa makanisa Yerusalemu. Mwanamume mpole, tai fupi. Alitandaza mchoro wa meli mezani, vyumba vimepangwa pande mbili kama mbegu za maboga. Mwalimu alitaka chumba chenye roshani, akae nje siku ya mfereji. Nilianza kazi yangu. Nililalamika juu ya bei, nikalalamika juu ya godoro ambalo sijaliona, nikapata kwake bure usafiri wa kutoka kituo cha treni mpaka bandarini na kifungua kinywa cha siku ya kwanza. Nilikuwa napata joto.

Ndipo wakala akatufundisha mambo ya pande. Meli inapanda kutoka kusini kwenda kaskazini, akasema, kwa hiyo mkono wa kushoto ni upande wenyewe. Kuna mitende, mashamba, miji, reli, misikiti, watu wakipunga mikono. Mkono wa kulia ni jangwa, na jua la asubuhi litakuwa usoni. Kila anayejua meli anachukua kushoto. Vya kulia bado viko vingi, na kama mtu angekubali kuchukua huko, yeye angeweza kuzungumza na wenye meli waangalie bei.

Mfanyabiashara akisikia maneno kama hayo, damu inabadilisha mwendo. Nilikunja uso. Nikaanza kuvuta pumzi niseme kwamba mama huyu ni mtu mzima, jua litamdhuru, hatuwezi hata kufikiria kulia, labda, labda kama bei ingeshuka sana.

"Mimi nataka kulia," Mwalimu akasema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akauondoa mguu.

"Kulia," akasema tena, kwa furaha, kama mtoto aliyeulizwa soda gani. "Hata kama ni ghali kuliko kushoto, nipe kulia."

Wakala akafunga mdomo wa bei pale pale, na mimi sikumlaumu. Nimefanya biashara miaka mingi. Mteja akishaonyesha moyo wake, hakuna malaika anayeweza kumpunguzia.

Kwenye ngazi nilimsemesha kama dada yangu mdogo. Nilimwambia wewe ndiye uliyetufundisha kukaa kivulini, sasa umelipia jua. Pesa ni ile ile, upande mmoja una vitu na mwingine hauna, na mtu mwenye akili anachukua wenye vitu. Akashika chuma cha ngazi, akapumzika kidogo.

"Kijani nimekiona, msichana," akasema. Aliniita msichana, na nina wajukuu. "Nimezaliwa ndani ya kijani, nimekipalilia, nimefundisha na madirisha yanatazama kahawa. Lakini ramani yetu ya ukutani, upande wa kulia wa mfereji ulikuwa na rangi ya chapati mbichi. Watoto wakiniuliza pale kuna nini, nilikuwa nawaambia hakuna kitu, endeleeni. Kila mwaka. Hakuna kitu, endeleeni. Nani aliniambia? Sikumbuki. Nataka nikaone kama nilikuwa nawadanganya."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake. Si starehe, si Ulaya. Alitaka kusimama mbele ya mahali alipopatupa, siku moja, kwa macho yake.

Mwanawe mkubwa, mwenye vyumba vya kupangisha Mwiki, alisikia habari kutoka kwa mnunuzi wa shamba. Alikuja kwa mama yake na wazee wawili wa ukoo, wakanywa chai, wakazungumza kwa upole mpaka chai ikaisha. Kisha upole ukaisha. Nilisikia yote, ukuta wetu ulikuwa wa matofali membamba. Alimuuliza watu watasema nini. Alimuuliza akifa huko baharini watazika nini. Alimwambia shamba haliuzwi kwa ajili ya macho, linauzwa kwa ajili ya karo au hospitali. Mwalimu alimjibu kwamba karo yake alilipa kwa mshahara ule ule ulionunua shamba lile, na hakumbuki kuitisha mkutano.

Kesho yake mwanawe akaja kibandani kwangu. Aliniomba, kwa heshima kubwa, mama yake akija kununua sanduku nikatae kumuuzia. Nilimwambia nimemwelewa kabisa na uchungu wake naujua. Nikamuuliza kama angependa kuyanunua yeye masanduku yote makubwa, ili nisiwe na la kumuuzia. Akaondoka bila kuaga. Mama yake alikuja mchana, akauliza magurudumu haya yatavunjika lini na kwa nini, na nikapata hasara kama kawaida.

Lakini aliyekaribia kuizuia safari hakuwa mwanawe. Lilikuwa kanisa, na kwa wema mtupu.

Unajua kwetu. Mtu mzima akiuza shamba na kwenda ng'ambo, kuna sababu moja tu, na haisemwi kwa sauti. Mtu anasema anasafiri, sisi tunasikia India, tunasikia figo. Kadiri Mwalimu alivyosema kwamba yeye ni mzima, ndivyo tulivyojua kwamba hali ni mbaya. Akina mama wa ushirika walianza kufika na unga na sukari. Walimwambia amekonda. Muuza mboga alikataa kumtoza. Mnunuzi wa shamba, aliyekuwa amelalia bei kama jiwe, alipiga simu kuuliza kama anaweza kuongeza kidogo, kwa sababu hakujua ni ugonjwa. Nilimsihi Mwalimu akubali nyongeza ile na akohoe kidogo. Akaikataa, na mimi nikaugua badala yake.

Jumapili ya mwisho mchungaji akamwita mbele. Akatangaza kwamba mama yetu anakwenda safari ngumu, na tutasimama naye. Vikapu vikaanza kuzunguka. Watu walilia. Mwanawe alikuwa kwenye kiti cha mbele, ameinamisha kichwa, na alijua ukweli, na alinyamaza. Kikapu kingejaa, mama angekuwa mgonjwa wa kanisa zima, na mgonjwa haendi baharini, anapelekwa hospitali na kamati.

Mwalimu alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mchungaji. Hakukipokea, alikichukua.

"Mimi siumwi," akasema. "Nilipimwa, nikaambiwa nipunguze chumvi. Ninakwenda kutazama mfereji. Nimeuza nusu ya shamba langu kwa sababu nataka kuutazama, na nitakaa upande wa kulia. Rudisheni pesa zenu, au mpeni mama wa Kiuu ambaye mguu wake mgonjwa mnaujua, na hamjamzungushia kikapu."

Hewa ikawa ya aibu, kwa sababu ni kweli mguu ule tuliujua. Mchungaji alijaribu kuokoa siku. Aliuliza sasa, Mwalimu, tukuombee kwa maneno gani? Maana maombi ya mgonjwa tunayo, ya anayetafuta kazi Saudia tunayo, ya mwanafunzi tunayo. Ya mtu anayekwenda kutazama hatujawahi kufanya. Mwalimu akamwambia amwombee apate mawingu machache na kiti kisichoyumba. Na mchungaji wa watu akaomba hivyo, kuhusu kiti, macho yamefumbwa. Nilisema amina kwa nguvu kuliko wote. Kikapu kilikwenda Kiuu siku hiyo hiyo.

Akaenda. Wiki ile mwanawe hakuja kumsindikiza.

Aliporudi hakukaa Ruiru. Alikuwa ameshaacha nyumba ya kupanga, akajenga vyumba viwili kwenye nusu iliyobaki Theta, na kwa miezi mingi hatukuonana. Habari nilizipata kwa vipande. Mmoja aliniambia amerudi mweusi kwa jua. Mwingine akaniambia anajuta, analia usiku. Nilimuuliza ameona, ama ameambiwa.

Mwezi uliopita nikafunga kibanda, nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta nje, na hakuwa peke yake. Mwanawe alikuwa amekuja, kwa mara ya kwanza tangu meli. Alikuwa ameleta gunia la makaa na maziwa, akayaweka mlangoni, na sasa amesimama akitazama ukuta mpya uliokatiza shamba, mahali nusu yao ilipoishia. Upande huu mahindi, upande ule mnunuzi ameng'oa kila kitu anangoja kujenga. Walikuwa hawasemezani. Nilisalimia, nikapewa kigoda, nikapewa chai iliyokuwa rangi ya maji ya mto. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anaogopa kuuliza, nikauliza mimi. Upande wa kulia kulikuwa na nini?

"Mchanga," akasema Mwalimu.

Mwanawe akavuta pumzi puani.

Akatueleza. Waliingia mferejini alfajiri. Watu wote walihamia kushoto na kamera zao, akabaki yeye kwenye roshani yake, na mfanyakazi mmoja anayefuta vyuma vya roshani za jirani. Jua lilikuwa usoni, kama alivyoahidiwa. Mchanga, vilima vya mchanga uliochimbwa, kisha mchanga. Ilipita asubuhi nzima hivyo, meli ikienda polepole kama mtu anayesukuma mkokoteni, na yeye akaanza kujiambia kwamba basi, alisema kweli, hakuna kitu. Ndipo akaona kibanda kidogo cha mlinzi. Mwanajeshi kijana amekaa kwenye kiti, viatu vimevuliwa, na nyuma yake, kwenye waya, ameanika soksi zake. Zilikuwa nyingi. Yule kijana alimwona. Akasimama, bila viatu, akainua mkono. Mwalimu akainua wake. Na kwa kuwa meli haikuwa na haraka, walibaki wanatazamana muda mrefu mpaka kijana wa watu akaona haya, akaanza kugeuza soksi moja moja zikauke upande wa pili.

"Niliwaambia watoto hakuna kitu," akasema. "Na pale mtu anafua."

Nilitaka kunyamaza, lakini mdomo wangu ni wa biashara. Nikamuuliza, na kushoto je, waliona nini? Akasema walipiga kelele sana. Baadaye mezani mama mmoja alimwonyesha picha. Nyuma ya ukingo wa mchanga, upande ule wa kushoto, kuna njia nyingine ya maji isiyoonekana, na meli kubwa za mizigo zilikuwa zinapita huko, moja baada ya nyingine. Ukitazama unaona meli zinatembea juu ya nchi kavu.

Sasa mwanawe akageuka kutoka kwenye ukuta.

"Meli zilitembea juu ya mchanga, na wewe ukazikosa?"

"Nilizisikia zikishangiliwa."

"Si ungevuka tu, Mama? Ni hatua chache."

"Yule kijana alikuwa bado ananitazama. Ningemwonyesha mgongo?"

Mwanawe alikaa chini kwenye gunia la makaa, na suruali yake nzuri. Akasema polepole, kama anayewaeleza wazee wa ukoo, kwamba sasa ameelewa. Walikuwa na shamba, na wamelibadilisha kwa soksi. Nilicheka kwanza mimi, kisha Mwalimu, na mwisho hata yeye alishindwa, mabega yakamtikisika. Lakini hakuwa amemaliza. Alipangusa macho, akamtazama mama yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kitu kidogo sana, kitu cha kubeba arudi nacho Mwiki.

"Lakini Mama, kwa kweli. Leo wakikupa tena ile nafasi, kwa yote unayojua, si ungechukua kushoto?"

Nakiri kwamba na mimi nilimngoja. Nilikuwa nimeshazipiga hesabu pande zote mbili, nikazirudia, na kushoto kulikuwa kunashinda kwa mbali.

Mwalimu alimimina chai iliyobaki kwenye kikombe cha mwanawe, akampa.

"Kulia," akasema. "Na wakiongeza bei, kuna nusu nyingine."

Mwanawe alishika kikombe, hakunywa. Aliyatazama yale mahindi, mstari kwa mstari, kama mtu anayeyahesabu yakiwa bado yapo.